Maziwa Bila Mtoto

Tarehe ishirini na tisa, na Mgeni alikuwa bado hajaja.

Ngoja nieleze, maana asiyefanya kazi yetu hawezi kujua. Kila mwezi wakubwa hutuma mtu mmoja pale kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege. Amevaa kama abiria, ana tiketi kama abiria, ana haraka za abiria, na ndani ya begi lake la mkononi kuna kimiminika kisichoruhusiwa. Kazi yake ni kupita. Kazi yetu ni kumkamata. Sisi tulimwita Mgeni. Ukimkamata anatoa kitambulisho chake, anacheka, anakuandikia alama nzuri. Ukimpitisha, kosa linaingia kwenye faili lako. Ukimpitisha mara tatu, unarudisha kitambulisho chako na kwenda nyumbani kuangalia dari.

Mimi nilishampitisha mara mbili.

Mara ya kwanza alikuwa kijana mwenye chupa ya manukato ndani ya soksi. Sawa, nilizembea. Mara ya pili nilimtilia shaka mama mmoja mwenye kopo la mafuta ya nywele, nikamwita msimamizi wa zamu aje aamue, na sisi tukiwa tunajadiliana yule mama akachukua kopo lake akaondoka zake, taratibu, kama mtu aliyetoka dukani. Wakaandika: "Anasitasita." Neno hilo lilinikaa kooni mwezi mzima. Mimi, nasitasita! Mimi niliyelea watoto watatu na mume ambaye yupo yupo tu! Nyumba nzima ilikuwa inakula kwenye kile kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwangu, na kila mtu nyumbani alilijua hilo, pamoja na huyo mume mwenyewe.

Basi mwezi ule sikuwa na raha. Chakula hakishuki. Usingizi wa mang'amung'amu. Mwanangu wa kati akiweka glasi ya maji mezani najikuta naikadiria kwa macho: hii imezidi mia. Kwa sababu sheria ni mililita mia moja, kila chombo, na vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha, wa lita moja, unaofungika. Naweza kuisema nikiwa usingizini. Mume wangu anadai huwa naisema kweli.

Kazini ndiyo usiseme. Kila aliyevua mkanda nilimwona Mgeni. Mtu akitabasamu: kwa nini anatabasamu? Akinuna: anaficha nini? Mwenzangu wa kwenye skrini tulimwita Mwalimu, kwa sababu aliwahi kufundisha na mpaka leo hawezi kuona mtu amekosea akanyamaza. Yeye huangalia picha za mabegi yakipita kwenye mashine. Akiona kitu cha kutiliwa shaka hulisukuma begi upande wangu, mimi nalifungua. Asubuhi ile alinitazama nikizunguka meza yangu, mara huku mara kule, akasema, "Dada, utatoboa sakafu. Hebu tulia."

"Nikitulia atapita."

"Kama atapita, atapita. Unajichosha bure."

"Faili si lako, kaka. Nyamaza uangalie skrini."

Saa tatu na nusu akasukuma begi dogo la bluu, la kutunzia baridi. Nyuma yake alikuja mwanamke wa miaka ishirini na kitu, amejifunga mtandio kifuani, macho mekundu. Nikafungua zipu. Ndani kulikuwa na pakiti za barafu na chupa sita za plastiki, kila moja mililita mia na hamsini, zimejaa.

"Nini hiki?"

"Maziwa, dada. Ya mtoto."

Nikaangalia mgongoni kwake. Nikaangalia nyuma yake. Nikainama nikaangalia hata chini ya meza, kwa dhihaka tu. "Mtoto yuko wapi?"

"Siko naye. Yuko hospitali, huko ninakokwenda."

Moyo ukanilipuka. Maziwa bila mtoto! Siku za mafunzo mkufunzi wetu alilipenda swali hilo kuliko yote. Maziwa ya mtoto yanaruhusiwa hata yakizidi mia, ilimradi mtoto anasafiri. Mtoto hayupo, maziwa hayapiti. "Na hapo ndipo wengi wenu mtaanguka," alituambia, "kwa huruma." Na leo tarehe ishirini na tisa, zimebaki siku mbili, limekuja lile lile swali, lina miguu, limevaa mtandio. Nilikaribia kumkumbatia.

"Hayapiti," nikasema.

"Dada yangu, nakuomba. Alizaliwa kabla ya miezi yake. Yuko kwenye kile kisanduku cha joto. Nimekuja kumzika baba yangu, siku mbili tu, sasa narudi. Huyu mtoto anakunywa haya tu, mengine yanamsumbua tumbo."

Baba amekufa, mtoto kwenye kisanduku! Yote mawili kwa pamoja! Nikajisemea, safari hii wametia chumvi mpaka imezidi. Mtandio ukasogea kidogo nikaona blauzi yake imelowa sehemu mbili, kushoto na kulia. Nikastaajabu. Wamemmwagia maji mahali penyewe hasa. Hawa watu sasa wanafanya kazi.

Nikataka aone kwamba na mimi naijua kazi. Nikazitoa chupa zote sita kwa glavu zangu za kazi, nikazipanga, nikafungua moja moja. Nikanusa. Nikapitisha juu ya kila mdomo kile kikaratasi cha kupimia vilipuzi. Nikafunga. Yote kwa utaratibu, bila kusitasita hata chembe. Yeye akawa anasema, "Usifungue, tafadhali, usifungue," na mimi naendelea.

"Niitie basi mkubwa wako," akasema.

Ahaa! Mtego wa pili. Nimwite msimamizi, waandike tena kwamba nasitasita. "Hapa mkubwa ni mimi," nikamjibu.

Ndipo akalia. Si kilio cha kujikausha kwa leso, ni kile cha mabega. "Nimekamua kila baada ya saa tatu," akasema, "usiku na mchana. Watu wako msibani wanalia, mimi nimejifungia chooni nakamua. Angalia picha yake basi. Angalia tu."

Akanisogezea simu. Sikuitazama. Nilimtazama usoni nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikampigia makofi kidogo, vidole kwa vidole. "Hongera, dada. Unalia vizuri. Wamekufundisha. Sasa toa kitambulisho tumalize."

Akanitolea pasipoti.

"Si hii. Ile nyingine."

"Ipi nyingine?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu barabarani. Nikafikiri, anashikilia mpaka mwisho, labda siku hizi matokeo yanaletwa na msimamizi. Nikazitia chupa zote sita kwenye pipa la vimiminika, juu ya chupa za maji na makopo ya soda, nikamrudishia begi lake la bluu likiwa na barafu tupu. Akalichukua. Akaenda zake kuelekea malangoni bila kugeuka.

Mwalimu alikuwa ameacha skrini ananiangalia. "Yule dada..."

"Ndiye."

"Una hakika?"

"Mwalimu, nimekuwa nikimngoja mwezi mzima, nisimjue?"

Jamani, ile furaha! Mwili mzima ulilegea. Kwa mara ya kwanza mwezi ule nikahisi njaa. Nikaanza kuwatania abiria, nikamsaidia mama mmoja kuvaa viatu, nikaimba chini chini. Mwalimu akasukuma begi jingine, la mzee mmoja nadhifu, mvi zimechanwa vizuri, koti mkononi. Ndani kulikuwa na chupa ya chai, ile ya chuma ya kutunza moto.

"Tupu, binti yangu," mzee akasema. "Mke wangu hawezi kuniruhusu nisafiri bila chupa yake. Utadhani ndiye aliyeolewa nayo."

Nikacheka mpaka machozi. Niliinua ile chupa, uzito nikausikia mkononi, naapa niliusikia. Mkono uliniambia na mimi sikuushughulikia. Nikairudisha kwenye begi, nikalifunga zipu mimi mwenyewe. "Safari njema, baba. Msalimie mama."

"Amesikia," akasema, akaenda.

Hazikupita dakika kumi msimamizi wa zamu akaja. Alikuwa na karatasi. Nikajiweka sawa, nikanyoosha shati. Kisha nikaona nyuma yake yule mzee nadhifu, koti amelivaa sasa, na shingoni ana kitambulisho kama changu. Ile chupa ya chai alikuwa nayo mkononi. Akaifungua kifuniko akaiinamisha juu ya trei tupu, na maji yakatoka, yakatoka, yakaendelea kutoka.

"Nusu lita," akasema kwa upole. "Pole, binti yangu."

Nilitazama maji yale nikahisi nimesimama mahali pasipo na sakafu. Nikamgeukia msimamizi. "Lakini nilishamkamata mmoja. Yule dada wa maziwa."

"Dada gani wa maziwa?"

"Mliyemtuma. Wa maziwa bila mtoto. Analia."

Msimamizi akamtazama mzee, mzee akamtazama msimamizi. "Mgeni ni mmoja tu kwa mwezi," msimamizi akasema. "Unajua hivyo. Kama mtu alikuwa na maziwa na ana maelezo, ulitakiwa uniite. Nina ruhusa ya kupitisha. Niko hapo tu, mlango wa tatu." Akanyoosha mkono. "Sasa naomba kitambulisho."

Nikasema, "Dakika tano."

"Sina dakika..."

Sikumsikiliza. Nilifungua pipa, nikazitoa zile chupa sita, nikazipanga kwenye trei, nikakimbia. Mwalimu aliita jina langu, akaliita tena, na nyuma yake nikamsikia msimamizi. Wacha waite. Kitambulisho bado kilikuwa shingoni na milango yote ya kule ndani ilikuwa inanijua. Nilikimbia na trei kama mhudumu wa hoteli aliyepagawa, abiria wananikwepa, chupa zinagongana, na mimi nasema kwa sauti, nisubirini, nisubirini, kana kwamba ndege inanisikia.

Nilimkuta kwenye lango, amebakiwa na watu wanne mbele yake.

"Dada! Maziwa yako! Chukua!"

Akageuka. Alipoziona chupa uso wake ulifunguka wote, akaweka begi chini, akachukua moja akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, ahsante Mungu. Kisha nikaona mikono yake inashuka. Akaizungusha ile chupa, akashika kifuniko.

"Uliyafungua," akasema.

"Niliyapima tu. Hayana kitu, nimeyapima."

"Uliyafungua yote. Kwa glavu zile zile ulizokuwa unashikia viatu vya watu." Hakupaza sauti. "Mwanangu ana kilo moja na robo. Manesi wenyewe hawamgusi mpaka wanawe mikono hadi kwenye viwiko. Halafu yametoka kwenye pipa."

Akairudisha chupa kwenye trei, akaiweka sawa na zile nyingine. Mtu mmoja mbele akaingia. Wakabaki watatu.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Kwa nini uliniambia nimefundishwa kulia?"

Nilikuwa nahema, sina hata pumzi ya kutungia uongo. "Wanatupima. Wanatuma mtu anajifanya abiria. Nilidhani ni wewe. Nilidhani huna mtoto, dada. Nilidhani hakuna mtoto kabisa."

Akaokota begi lake la bluu. "Na huyo mwenyewe, ulimkamata?"

"Hapana. Nilimpitisha. Nilimfungia hadi begi."

Sikujua kama angenitukana au angenizaba kibao. Ningempa shavu, na la pili pia. Hakufanya lolote. Alijiangalia kifuani, mtandio ukiwa umelowa kabisa sasa, akaukaza. "Basi nitajaribu kukamua humo ndani," akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. "Sijui kama kutatoka kitu." Akatoa pasi yake, dada wa lango akaisoma, akaingia.

Nilibaki na trei. Kwenye pipa sikuweza kuyarudisha maziwa yale, nilijaribu nikashindwa. Nikaenda choo cha wanawake, nikasimama kwenye sinki, nikafungua ya kwanza nikamimina. Yalikuwa na unjano kwa mbali. Nimenyonyesha watatu, nayajua yale. Chupa kama ile huijazi kwa kikao kimoja. Unakaa umejikunja, mgongo unauma, unahesabu matone, unasimamisha, unaanza tena baada ya saa tatu.

Nilipofika ya nne nilikuwa nalia kwa sauti. Mwanamke aliyekuwa ananawa pembeni yangu akafunga bomba akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sikufiwa. Akangoja nimweleze zaidi, nikafungua ya tano.