Lango la Mtoni

Watu hutoka mbali kuja kuutazama mti wa kanisa letu, ule ulio makaburini. Eti ni mkongwe kuliko kanisa lenyewe! Wanaukumbatia, wanapiga picha, kisha wanashuka mjini kunywa chai na mkate wa zabibu. Haki ya Mungu, ningepewa shoka mimi. Sisi wa hapa tunachojua ni kwamba majani yake ni sumu, na kondoo akila kidogo tu haponi.

Majira yale ya baridi mume wangu, Emlyn, alikuwa na kundi moja la majike wenye mimba, nalo ndilo lililotuweka shambani. Kondoo wa mlimani hawanunuliwi ovyo. Mlima wetu hauna uzio. Kila kondoo hufundishwa na mama yake ulipo mpaka wa malisho, na mama alifundishwa na mama yake, tangu enzi za mababu. Ukileta wa kununua, kesho unawatafuta wilaya nyingine. Kundi likiisha, na ufugaji umeisha.

Upepo ukabomoa ukuta wa makaburi, upande wa mtoni. Emlyn akafunga lango la mtoni la kiwanja chetu cha chini, walimokuwa kondoo, akasema ukuta ataujenga theluji ikiyeyuka.

Siku ya mnada wakaja wageni wawili.

"Mama, kwenye mti ni huku?"

"Zungukeni barabarani," nikawaambia.

Wazunguke wapi! Walikatiza kiwanjani, wakaliacha lango wazi. Nyayo zao tulizikuta baadaye kwenye theluji.

Nyuma yao akapita Idwal, jirani yetu, akitoka mnadani. Aliliona lango wazi na kondoo wakitoka mmojammoja, akaenda zake. Kwetu mtoto hufundishwa hili kabla hajajua kusali: lango ulivyolikuta ndivyo uliache, mwenyewe ana sababu yake. Mabomba yalikuwa yameganda, na Idwal akadhani Emlyn amewafungulia wakanywe mtoni. Habari za ukuta hakuwa nazo.

Tuliwakuta chini ya mti, wengine majani yangali mdomoni. Emlyn aliwashika vichwa, huyu na yule, akiwasemesha kama watoto wagonjwa, kisha akawalaza. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka. Waliobaki hai hawakujaza hata kona ya zizi.

Idwal akaja mbio, kofia mkononi.

"Nilipita pale, Emlyn. Nililiona liko wazi. Nikasema moyoni, huyu mvivu leo kawapeleka wake zake baa." Akajaribu kucheka, akaangua kilio.

Nikamrukia. "Una macho ya kazi gani wewe? Mkono ungekatika ukilisukuma?"

"Shemeji, nisamehe."

"Nikusamehe nini! Wafufue kwanza!"

"Mwache, Mererid," Emlyn akasema. "Ningekuwa mimi, ningeliacha vilevile."

Laiti angemtukana! Laiti angempiga hata kofi, nami ningewashikilia wote wawili wasiuane. Mwanamume mwenye hasira kesho huamka akatafuta pa kuanzia. Wangu alimpa Idwal mkono, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi. Akavua viatu vya shamba, akaviacha nje kwenye theluji, akaketi jikoni na soksi zake zilizolowa.

"Dada yako wa mjini," akaniuliza, "kile chumba chake cha kupangisha bado hakijapata mtu?"