Cheti cha Vifungo vya Pembe

Siku niliyoulizwa ng'ombe wangu wamezaliwa wapi, sikuwa na ng'ombe hata mmoja. Nilikuwa na karakana ya vifungo vya nguo, magunia arobaini ya pembe, wanawake kumi na mmoja walionitegemea, na shemeji mmoja mwenye kiherehere.

Nieleze kazi kwanza, maana watu huvaa shati maisha yao yote bila kujiuliza vile vifungo vimetoka wapi. Pembe tunazichukua machinjioni, ambako zamani zilitupwa shimoni pamoja na kwato. Tunazichemsha mpaka mfupa wa ndani uachie, tunazikata kwa msumeno, kisha tunavilainisha vile vipande kwa moto na kuvibana kwa jeki mpaka vinyooke. Hapo tunakata visahani, tunavikereza kingo, tunavitoboa matundu manne manne kwa keekee ya kukanyaga kwa mguu, halafu tunavizungusha siku mbili ndani ya pipa lenye vumbi la mbao na nta mpaka ving'ae. Karakana inanuka nywele zilizoungua. Mgeni akiingia huziba pua. Sisi tumeshazoea.

Mwenye keekee ni mama mkwe wangu. Macho yake hayawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, lakini mpe kisahani cha pembe, atakutobolea matundu manne yaliyopangana sawasawa bila kupima. Ukimuuliza anafanyaje, anakuambia acha umbea.

Mwaka ule serikali yetu ilitia sahihi mkataba wa biashara huria na nchi moja ya mbali yenye viwanda vikubwa vya mashati. Redioni walijadili wiki nzima, wataalamu kwa wataalamu, kila mmoja akitumia maneno marefu kuliko mwenzake. Mimi nilishika jambo moja tu. Vifungo vyangu vikiingia kule bila ushuru wa forodha, hakuna wa kunishinda bei. Vikitozwa ushuru, nitabaki kuwauzia mafundi cherehani wa mtaani kwa dazeni.

Mwenye kiwanda kimoja huko alikuwa ameona sampuli zetu na kuzipenda. Alitaka kuwekeza kwetu: atuletee mashine, atupe oda ya miaka mitatu. Sharti lilikuwa cheti cha uasili, yaani karatasi ya serikali inayothibitisha kwamba bidhaa imetengenezwa hapa nchini, haikupitishwa tu njiani ikabandikwa jina letu.

Habari za vyeti na mikataba nilimwachia shemeji, mdogo wa mume wangu. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani huja kama mgeni, hivyo mdogo wake ndiye aliyekuwa karibu. Tuligawana: mimi mikono, yeye makaratasi. Ukweli ni kwamba makaratasi nilikuwa nayadharau. Nilikuwa nikisema mtu anayeshinda na kalamu amekosa kazi. Kosa lilianzia hapo, na ni langu, simsingizii mtu.

Kwenye fomu ya maombi kulikuwa na mstari ulioandikwa "asili ya malighafi". Shemeji akaona huo ndio mstari wa kuonyeshea uzalendo. Bila kunishirikisha akaenda kwa mwenyekiti wa wauza nyama, akarudi na barua yenye mihuri miwili ikisema kwamba ng'ombe wote waliotoa pembe zetu wamezaliwa, wamekulia na wamechinjwa katika ardhi hii. Hakutosheka. Akapiga picha za ng'ombe kumi na wawili, mmoja yeye mwenyewe akiwa amemkumbatia shingoni kama ndugu aliyepotea. Vyote akavitia kwenye faili jekundu, akalipeleka ofisi ya serikali inayotoa vyeti.

Afisa akaja Alhamisi asubuhi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Pamoja naye alifika wakala wa yule mwenye kiwanda, kijana nadhifu tuliyekuwa tukimwita Brifkesi kwa sababu hatukuwahi kumwona bila begi lake. Hata chooni alikwenda nalo.

Afisa hakukaa. Alizunguka, akashika hiki, akanusa kile, akafika kwenye magunia. Akatoa pembe moja ndefu, nene shinani, iliyopinda mara mbili. Akaigeuza taratibu.

"Barua yenu inasema ng'ombe wote ni wa hapa," alisema.

"Wote, mheshimiwa!" shemeji alidakia. "Mmoja mmoja nawajua."

"Mimi nimekaa miaka kumi na nne karantini ya mpakani," afisa alisema bila kupandisha sauti. "Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mifugo inayoingia. Pembe ya namna hii kwetu haioti. Huyu alivuka kwa miguu yake."

Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Akazipanga mezani, kisha akafungua faili jekundu na kuweka ile barua kando yake. Wanawake waliacha kazi.

"Nikitia sahihi hapa," afisa aliendelea, "nitakuwa nimezidanganya serikali mbili kwa siku moja. Samahani, mama. Siwezi."

Nilimtazama shemeji naye akatazama viatu vyake. Kila mtu mle ndani alijua kwamba nusu ya ng'ombe wa machinjio yetu hutoka ng'ambo ya mpaka, na shemeji alijua pia, ila alijitia hamnazo. Niliona mashine zikipotea, oda ikipotea, nikaona wanawake kumi na mmoja wakirudi nyumbani kwao kutazamana na masufuria. Nilitamani kumpiga mtu kwa pembe.

Badala yake nilikwenda mezani, nikaichukua ile barua, nikaichana vipande vinne.

"Shemeji, barua yangu!" alimaka.

"Nyamaza. Umeshasema ya kutosha." Nikamgeukia afisa. "Baba, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ng'ombe hawa sijui walizaliwa wapi na hakuna aliyewahi kuniambia. Mimi nachukua pembe zilizokuwa zinatupwa. Andika hivyo hivyo: hajui."

"Nikiandika hajui, maombi yanakataliwa."

"Kwa kanuni ipi?"

Alinitazama juu ya miwani. Nadhani hakuzoea kuulizwa.

"Mimi siuzi ng'ombe," nilisema. "Siuzi nyama, siuzi ngozi. Nauza vifungo. Mkataba unasemaje kuhusu vifungo?"

Afisa alikohoa kidogo. Akakiri kwamba kila bidhaa ina kanuni yake kwenye kiambatisho, lakini tangu mkataba uanze yeye ameshughulikia kahawa, ngozi na maua peke yake. Vifungo hajawahi kuletewa. Kanuni ya ngozi humtaka aulizie mnyama, kwa hiyo na kwetu akauliza mnyama. Alisema haya bila kuona haya, na hapo nikaanza kumpenda.

"Unacho hicho kiambatisho?"

Alikuwa nacho ndani ya mkoba, kitabu kinene kama tofali. Tukavuta stuli mbili, tukakiweka juu ya pipa. Yeye alishuka orodha kwa kidole, mimi nilifuata kwa macho. Samaki, nafaka, mafuta, sabuni, ngozi, mbao, nguo, viatu, vyuma. Shemeji alijaribu kusogea asome, mama mkwe akamvuta shati akae. Brifkesi alikuwa akitazama saa yake. Vifungo tulivikuta karibu na mwisho, kati ya miavuli na kalamu, na maelezo yake yalikuwa sentensi moja tu. Afisa aliisoma kimoyomoyo, akaisoma tena, kisha akaisoma kwa sauti: malighafi inaweza kutoka nchi yoyote, ilimradi isiwe tayari ni vifungo, na kazi yote ya kuigeuza kuwa vifungo kamili ifanyike ndani ya nchi inayoomba cheti.

Afisa alivua miwani, ikaning'inia shingoni.

"Kwa hiyo ng'ombe…" shemeji alianza.

"Ng'ombe hawahusiki," afisa alisema. "Hawajahusika tangu mwanzo."

Mama mkwe aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Na wewe ukaenda kumkumbatia yule dume!" alimwambia mwanawe. Wanawake wote wakacheka, afisa naye akageuka pembeni akijifanya anafuta miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa na furaha na hasira kwa pamoja, kwani jibu lilikuwa kitabuni wakati wote, na sikuwahi kukifungua.

"Sasa lazima nione kila hatua kwa macho yangu," afisa alisema. "Kuanzia pembe mpaka kwenye paketi."

Tukamwonyesha. Sufuria la kuchemshia, msumeno, jeki, visahani, kingo. Kila mwanamke alijieleza mwenyewe na wala sikumsaidia hata mmoja. Tulipofika kwa mama mkwe, afisa aliinama mpaka pua ikakaribia keekee, akahesabu matundu, akatikisa kichwa.

"Unapimaje, mama?"

"Acha umbea, mwanangu."

Afisa akaandika. Halafu akauliza swali la mwisho, kama mtu anayejaza nafasi tu: "Na oda hii kubwa, yote mtaimalizia hapa hapa?"

Brifkesi ndiye aliyejibu. "La. Hapa watakata visahani tu. Kutoboa na kung'arisha kutafanyika kwenye kiwanda chetu kingine, nchi ya tatu. Kuna mashine za kisasa zimekaa bure. Imo kwenye mkataba wetu wa oda, ukurasa wa tisa."

Nilimgeukia shemeji. Uso wake ulinitosha. Alikuwa ameusoma ukurasa wa tisa na akaupitisha, akiona mashine ni mashine, oda ni oda.

Visahani tu. Kwa hiyo keekee ingenyamaza, na pipa, na wanawake saba kati ya kumi na mmoja. Mama mkwe aliondoa mguu kwenye kanyagio. Niliumia kuona anavyokunja kitambaa chake cha kufutia vumbi, polepole, kama mgeni anayejiandaa kuaga.

"Bwana afisa," nilisema, "wakitoboa huko, cheti chako kitasemaje?"

"Kitasema nchi hii imetengeneza visahani," alijibu. "Vifungo vitakuwa vya huko vinakotobolewa."

"Na nchi hiyo imo kwenye mkataba wa biashara huria?"

"Haimo."

"Kwa hiyo vikifika kwenye kiwanda cha mashati?"

"Vitalipiwa ushuru. Wote, kama kawaida."

Brifkesi alifungua begi, akafunga, akafungua tena. Nilimpa nafasi ayameze maneno, kisha nikamtolea uvivu.

"Kijana, mpigie tajiri yako. Mwambie msamaha wa ushuru anaoutafuta uko ndani ya haya matundu manne. Uko kwenye keekee ya mama huyu na kwenye lile pipa. Akiyahamisha, anauhamisha na msamaha. Mashine za kutoboa na za kung'arisha azilete hapa, na mama huyu ndiye atakayewafundisha watakaozitumia. Hataki, pembe zangu nitazikata mwenyewe na mnunuzi nitatafuta mwingine anayejua kusoma kitabu kama hiki."

"Mama, kwa kweli huu ni mkataba wa kawaida tu…"

"Piga simu."

Alitoka nje. Tulimwona dirishani akitembea kwenda na kurudi, mkono mmoja sikioni, mwingine ukichora hewani. Shemeji alinisogelea akanong'ona, "Shemeji, umehatarisha kila kitu." Nikamwambia bado sijamaliza.

Brifkesi alirudi amelegeza tai. "Amekubali mashine zije huku," alisema. "Anauliza tu kama huyo mama ana mkataba wa kazi na mtu."

"Ana mkataba na mimi," nilisema, na mama mkwe akakunjua kitambaa chake, akaweka mguu kwenye kanyagio.

Afisa alitia sahihi saa sita kasoro robo, akagonga mhuri mara moja, akanipa mkono. Kabla ya kuondoka aliomba kifungo kimoja cha koti lake. Tukamshonea pale pale.

Mkataba mpya Brifkesi aliuleta Jumatatu, kurasa kumi na tisa zimebanwa vizuri, akauweka mbele ya shemeji kwa mazoea. Shemeji, mtu mzima yule, akausukuma kwangu bila kuambiwa. Nikanawa mikono, nikakaa, nikaanza ukurasa wa kwanza.

"Yale tuliyokubaliana yote yamo, mama," Brifkesi alisema. "Unaweza kwenda moja kwa moja kwenye sahihi."

"Kunywa chai."

Alikunywa. Nilisoma polepole, nikiuliza neno nisilolielewa, nikirudia sentensi mpaka inyooke. Kazi iliendelea pembeni, hakuna aliyesimama kunitazama. Ukurasa wa kumi na nne nikaweka kidole. Mstari mmoja ulisema kwamba mnunuzi anaweza kuhamishia popote hatua yoyote ya uzalishaji bila kumwuliza mtu.

"Hii nini?"

Brifkesi aliinama, akasoma, akakuna sikio. "Imebaki kutoka kwenye ule wa zamani. Bahati mbaya."

"Basi ifute. Kwa wino, na utie sahihi pembeni."

Akafuta, akatia sahihi, akapumua, akanigeuzia kalamu upande wa kushikia. Nikamwambia akae nayo kwanza, zimebaki kurasa tano.