Miguu ya Llano Jobo

Mwito ulisikika kwanza. Ulipanda kutoka ng'ambo ya mto, mrefu, ukavunjika katikati kama sauti ya jogoo mzee, kisha ukarefuka tena. Didimo, aliyekuwa juu ya paa akikaza fito za mwisho, aliachia kamba. Kila mwanamume wa bonde lile ana mwito wake wa shambani, na watu humjua kwa huo kabla hajaonekana. Huu ulikuwa wa Nicanor.

"Mama," aliita, "watu wa Llano Jobo wanakuja."

Hersilia alikuwa akikoroga supu ya kuku na viazi vikuu, sufuria la kulisha watu arobaini. Mpaka wakati ule walikuwa wamefika tisa. "Wanakuja kutusaidia au kukutia adabu?"

Didimo aliishika kamba tena. Wiki tatu nyuma, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa Llano Jobo, alipanda jukwaani kushindana na Nicanor kwa tungo za papo kwa papo, akambwaga mbele ya watu wake. Laiti angeishia hapo. Lakini makofi yalimlevya, akamalizia kwa kuwacheka wenyeji kwamba ni watu wa kiti na kivuli, tope hawalijui, miguu yao laini. Tangu siku ile, watu wa Llano Jobo hawakupita sokoni bila kuzomewa kwa mstari huo.

Na sasa aliihitaji miguu hiyo hiyo imkanyagie udongo. Jumamosi angemwoa Eneida. Huko kwao nyumba ya udongo hukandikwa kwa msaragambo, majirani wote pamoja, siku moja tu, toka jua kuchomoza hadi kuzama. Ikilala na pengo ukutani, husemwa haitashika ndoa, na bibi arusi ana haki ya kubaki kwao. Fito zilisimama, shimo la udongo lilichimbwa, nyasi zilikatwa. Ila watu tisa wasingefika hata madirishani.

Nicanor alitokeza, suruali imekunjwa magotini, gitaa mgongoni. Nyuma yake walikuja watu thelathini, wanaume kwa wanawake.

"Mama Hersilia, hujambo? Tumenusa kuku toka mtoni."

"Sijambo, baba. Karibuni, kuku ni wenu."

"Tuanze na jogoo wako kwanza." Aliinua macho. "Wee bingwa! Unashuka, au umeota manyoya?"

Didimo alishuka. Eneida, aliyekuwa akibeba maji, alitua ndoo chini.

"Msaragambo hatuukatai," alisema Nicanor. "Marehemu baba yako aliikandika nyumba yangu. Lakini mdomo wako nao ufanye kazi. Tutakanyaga maadamu unaimba. Ubeti juu ya ubeti, kila mmoja mpya. Ukikwama au ukirudia, tunaosha hii miguu yetu laini tunakwenda zetu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka konzi ya mwisho ya udongo."

"Huyo? Atakwama kabla ya uji!" alidakia mama mmoja, na wote wakaangua kicheko.

"Kazeni suruali," Didimo alisema. "Mtachoka nyinyi."

Gitaa likalia. Wakaingia shimoni wameshikana mabega, nyasi zikatupwa, udongo ukaanza kupiga chwa, chwa, chwa. Didimo akaimba. Aliimba upawa wa mama yake. Aliimba punda wa Nicanor aliyegoma mbele ya kasisi, na Nicanor mwenyewe akacheka hadi akakosa nyuzi. Huku akiimba alibeba udongo, akaugandamiza kwenye fito kwa viganja, akarudi kubeba mwingine. Saa sita ukuta wa mashariki ulizibwa. Saa tisa, kuta mbili zaidi. Saa kumi sauti ilianza kukwaruza.

Eneida alimletea maji ya asali.

"Usinionee huruma," Didimo alinong'ona kati ya beti mbili.

"Nani kakuonea huruma? Mimi nataka nyumba yangu. Kunywa, imba!"

Akanywa, akaimba. Lilipobaki pengo moja tu juu ya mlango, Nicanor alizima nyuzi kwa kiganja. Miguu ikasimama.

"Ubeti wa mwisho, mistari kumi. Tisa ni yako. Wa kumi nakupa mimi: *miguu yao laini*."

Hakuna aliyecheka. Kiburi kilimwambia Didimo akatae. Koo lilimwambia hana tena cha kutoa. Akaitazama ile miguu: visigino vilivyopasuka, tope hadi mapajani, yule mama mcheshi akiwa na kidole kimoja kilichokatwa na jembe zamani. Akapanda juu ya rundo la udongo na kuimba, sauti kama msumeno:

*Nilicheka bila haya,*
*leo nyumba inasema:*
*wamekanda, wamehema,*
*jua kali, tope baya,*
*sasa mimi nina kaya.*
*Ukutani, juu, chini,*
*nyayo zao thaminini;*
*mvua ije, na ipige,*
*upepo nao uige*
*miguu yao laini!*

Kisha Nicanor alitupa kichwa nyuma akapiga mwito wake, na koo thelathini zikamjibu hadi ng'ombe wa ng'ambo wakakimbia. Eneida alichota konzi ya mwisho kwa mikono miwili, akaibamiza juu ya mlango. Pu! Jua lilikuwa bado shubiri nzima juu ya kilima.

Nicanor aliketi kwenye gogo akaosha miguu. Didimo alimnyang'anya kibuyu, akamwagia maji yeye mwenyewe.

"Binti yangu wa mwisho anaolewa baada ya mavuno," mzee alisema bila kuinua macho. "Naye anataka nyumba."

"Nitakuja."

"Na miguu, au na mdomo?"

Didimo alisimama. Sauti ilikuwa karibu imekwisha, lakini aliikamua yote iliyobaki, ili asikie hata aliyekuwa na bakuli la supu kule nyuma.

"Mzee Nicanor, nisikie, na Llano Jobo yote inisikie! Siku hiyo nitakuwa wa kwanza kuingia shimoni na wa mwisho kutoka, na nitaimba mpaka konzi ya mwisho bila kuombwa na mtu!"