Kiuno cha Bibi Harusi

Fundi alikuwa amewashonea mabibi harusi wa nusu ya mtaa. Sasa alikuwa anamshonea mdogo wake, na wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki: haumezeki, hautemeki. Mdogo mtu anatangulia kuolewa, na kiuno kile juu yake!

"Usipinde magoti, upindo utakwenda kombo," alisema, akizidi kukaza kamba za mgongoni. Alijua mdogo wake hajala tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba tumbo lililoshiba huharibu vipimo.

"Dada, nasikia joto. Macho yanaingia giza."

"Deka kwa mumeo. Hapa simama."

Mama yao na shangazi wa bwana harusi walikuwa ndiyo kwanza wanaingia kutazama gauni, msichana akaporomoka mbele yao.

Mama alikimbilia kwa jirani yao muuguzi. Shangazi hakukimbia popote.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alisema taratibu. "Huyu hayuko peke yake, tumboni humo mna mtu. Mwanetu lazima ajue leo."

Muuguzi alilegeza kamba, akaiinua miguu ya mgonjwa juu ya mto. Macho yakafunguka upesi.

"Alianza kuona giza, au alianguka ghafla tu? Moyo ulimwenda mbio? Amekula? Kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana?"

"Kufa ghafla, hakuna," Mama alisema. "Mengine muulize dada yake."

Fundi akinyamaza, harusi imekwisha. Aliliweka wazo hilo ulimini, akaliona tamu.

"Msimwulize dada," mdogo wake alinong'ona. "Mimi ndiye niliyejinyima chakula."

Hata kwa wema kanitangulia, Fundi aliwaza.

"Mwongo huyo. Mimi nilimkataza kula. Nikamkaza, nikamsimamisha wima kama nguzo. Aliniambia anaona giza, nikamwambia adeke kwa mumewe."

"Basi damu iliteremkia miguuni, kichwa kikakosa," muuguzi alisema. "Angeanguka akikimbia, au bila dalili yoyote, ningehofia moyo. Hata hivyo twende kliniki apimwe. Na mimba pia, midomo ipumzike."

Shangazi alijikohoza, akatazama dari.

"Gauni litamaliziwa kwa fundi mwingine," Mama alisema bila kumtazama binti yake mkubwa.

"Hapana, Mama. Atamaliza dada. Ila mimi nitakuwa nimekaa!"

Wote wakacheka, hata shangazi. Fundi alitaka kusema ahsante. Neno lilifika pale kwenye mwiba, likakwama.