Meza ya Vipepeo wa Kahawia

Hivi wewe umewahi kumwambia mgeni asikae kwenye kiti kwa sababu kiti kina kiwavi? Mke wa mhasibu mstaafu alishazoea. Mumewe alistaafu mvua zilipoanza, akaanza kufuga vipepeo, na tangu hapo ile meza ya kulia, aliyopewa mkewe na marehemu mama yake siku anaolewa, ikajaa makopo ya nyasi na sahani za ndizi zilizooza. Wao walikula jikoni, sahani mapajani. Na vipepeo wenyewe sasa! Wadogo, wa kahawia, wanaruka chini chini kama wanaotafuta sindano. Mmoja akitua, ungedhani ni jani kavu.

Kiangazi kilipokolea, mzee akaingia jikoni kifua mbele.

"Mama watoto! Wale wa kwanza walikuwa na vidoti kama macho kwenye mbawa. Hawa wa sasa hawana hata kimoja. Ni aina mpya! Nitaipa jina lako."

"Mdogo, rangi ya udongo, anakula ndizi mbovu," mkewe akasema. "Ahsante, umenipatia kweli."

"Na meza tutaigongelea kibao: Aligunduliwa Hapa."

Mkewe akakishika kikombe chake. Kibao! Basi meza ndiyo imekwenda. Neno likamfika kooni, akalishushia na chai.

Mtaalamu wa wadudu kutoka makumbusho alipokuja, mzee alikuwa ndani ya suti ya harusi, vifungo vinalia. Mgeni akainama, akachungulia, kikombe mkononi maana hapakuwa na pa kukiweka.

"Mzee, hawa ni wale wale. Kiwavi akikulia kwenye mvua, kipepeo anatoka na hayo macho ya mbawani, ili ndege adonoe ukingo wa bawa auache mwili. Akikulia kwenye kiangazi, anatoka bila macho, ajifiche kwenye majani makavu."

"Umemwangalia vizuri lakini?"

"Vizuri kabisa, mzee wangu."

Mzee akanywea, suti ikampwaya ghafla. Mgeni alipoaga, macho ya mzee yakang'aa tena.

"Unajua, kosa langu ni udogo wao. Nifuge nondo wale wakubwa. Ila watataka nafasi. Labda na kile kitanda cha wageni..."

Mkewe akachukua sahani ya ndizi mbovu, akamwekea mapajani, juu ya suti.

"Baba watoto," akasema, "nataka meza yangu."