Alone na Lonely Kwa Bibi Nakundwa

Usiku wa jana niliota nafundisha Kiingereza, tofauti ya maneno mawili yanayofanana. Alone, nikawaambia wanafunzi, ni kuwa peke yako. Lonely ni kuwa mpweke. Nikayaandika ubaoni. Yakashuka yamekuwa watu, Alone mzee wa suti, Lonely msichana aliyenuna, wakajikung'uta chaki na kuniuliza njia ya Usangi kwa Bibi Nakundwa.

Tunatoka mlango wa darasa, tuko jikoni kwa bibi yangu. Bibi hakushangaa. Aliniita mume wangu, kama alivyoniita tangu nabebwa mgongoni, akauliza mbona nimekuja mikono mitupu halafu na wageni.

Walikuja kikazi, kupima ni neno lipi kati yao linamfaa Bibi anayeishi peke yake. Alone akionekana anafaa, Bibi anabaki kwake. Akifaa Lonely, namfungasha Bibi leo hii, akaishi nami Morogoro kwenye chumba cha kupanga ambacho nikinyoosha miguu kimejaa.

Alone anahesabu vichwa vya wenyeji. Anafika moja, anaridhika. Lonely hahesabu. Anaiuliza sufuria.

"Anapika makande ya watu wawili kila siku," sufuria inasema. "Halafu ananilaumu mimi kuwa kubwa."

Bibi anaitazama kama ndugu aliyemgeuka mbele ya wakwe. Anasema mpweke siyo yeye. Mpweke ni huyu mume wake, anakaa mjini kwenye watu tele na chipsi anakula amesimama.

Nakana. Lonely anainamisha kichwa.

"Ni kweli, Bibi," anasema. "Mimi naishi kwake."

Najua sasa Bibi atafungasha mwenyewe, aje kunilea.

"Kumbe umeoa bila kuniambia," anasema Bibi. "Haya, mke mwenzangu, kaa hapa uchambue maharage."

Lonely anakaa. Alone anahesabu upya, anapata wawili, anasema basi nyumba hii haimhusu, anachukua kofia na kuondoka. Lonely naye anajaribu kuwa mpweke, lakini Bibi anamsimulia ugomvi wa kwaya tangu mwanzo, na kila akitaka kuhuzunika anaulizwa kama anasikiliza. Hakuna neno lililofaa. Bibi habanduki Usangi.

Nikaamka chumbani kwangu, nimelala vizuri ajabu. Simu inaita. Ni Bibi, hata salamu hakuna.

"Mume wangu, huyu msichana chai yake sukari nyingi au kidogo?"

"Nyingi, Bibi," nikamjibu. Nimekaa naye, namjua.