Mgongo wa Jiwe

Kwa kinywa cha mama Nibigira, jirani wa Kabibi ukuta kwa ukuta, jiwe la kaburi la baba yake Kabibi lilijigeuza lenyewe. "Nimeona na macho yangu! Msalaba umekimbia, nyoka njo anatutazama, ulimi inje!" Nyoka yule hakuwa na ulimi, ila habari ilikwisha kuzunguka kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka.

Kabibi alijua jiwe halikujigeuza. Fundi Lwaboshi ndiye aliyelisimamisha vile: msalaba ukielekea kwa marehemu, "mzee akiamka auone kwanza," na mgongoni, upande wa njia, nyoka aliyejikunja chini ya nusu mwezi. Ndiyo alama ya kiti cha ukoo wao, kile kilichoungua kule Fizi, Kongo, vita vilipowatoa. Mahali pengine haikubaki. Baba yake alikuwa shemasi, akafa akiomba msalaba na alama vyote viwili viwekwe kaburini pake.

Pasta Adolphe alikuja akaangalia, akashusha pumzi. "Kabibi, binti yangu, batu banapita hapa banaona nyoka juu ya shemasi. Mbele ya siku ya Mungu, hii Jumapili, Lwaboshi aitoe na tindo."

Kabibi hakubisha. Mwenda pole hajikwai. Kesho yake alikwenda Lilongwe, Kawale, alikozoea kufua nguo kwa mwalimu mstaafu. Ukutani pale ilining'inia kalenda kuukuu ya misheni, na picha ya jiwe la kuchongwa, nyoka na mwezi juu yake, aliyoipita siku zote bila kuuliza. Safari hii aliuliza.

Mzee alimweleza taratibu, Kichewa akikichanganya na Kiswahili cha kuokota. Wapikti, wenyeji wa kale wa Uskoti, kule walikotoka wamisionari, walipopokea Injili walichonga msalaba mbele. Nyuma wakaacha alama zao: mwezi, nyoka, wanyama. Maana yake leo hakuna aijuaye. Akaichana picha toka kwenye kalenda, akampa.

"Zikomo, agogo," Kabibi alimshukuru mzee.

Jumamosi alimkuta Lwaboshi amepiga magoti kaburini, tindo mkononi, pasta amesimama pembeni.

"Ukiigusa itakuuma, fundi!" mama Nibigira alipaza sauti toka njiani.

"Ingekuwa inauma, mama, ingeanza na ulimi yako."

Kabibi alimpa pasta ile picha kwa mikono miwili. "Pasta, babu za hao balituletea Biblia njo balichonga hivi. Balibatizwa, na nyoka yao ikabaki mgongoni. Jiwe lingali linasimama."

Pasta aliisogeza karibu na macho, kisha akaigeuza. Nyuma palikuwa na tarehe za kalenda tu.

"Msalaba tulikimbia nao shingoni," Kabibi alisema. "Ile ingine iliungua. Pasta, nimwambie Lwaboshi aweke tindo chini?"

Lwaboshi akainua uso, akautazama mdomo wa pasta.